Kipande cha Boksi

Jantra, jirani yangu hapa Nakhon Pathom, ana samaki mpiganaji mwekundu ambaye mapezi yake yakifunguka utadhani sketi ya mcheza ngoma. Mimi nina samaki wa aina hiyo tele, kila mmoja na chupa yake, na tangu nimwone huyo, wangu wote nawaona takataka.

Asubuhi moja nilikuwa dirishani, namwangalia Jantra akimbadilishia maji, mume wangu Thongdi akaniita.

"Wee Buppha! Vifaranga wa samaki wanakufa huku!"

Nilikuwa nimesahau kuwalisha. Hata dume mgonjwa, mapezi yameoza, alikuwa bado anangoja dawa yake ya chumvi na jani la mti wa mkungu tangu jana.

"Yule mwanamke ananikera," nikasema. "Samaki mmoja tu, maringo kibao!"

Sisi wafugaji huweka kipande cha boksi kati ya chupa na chupa, maana madume wakionana hutunisha mashavu mchana kutwa, hawali, mwishowe wanaugua. Thongdi alichukua kipande kikubwa cha boksi, akakipigilia kwa misumari dirishani.

"Haya, sasa kula," akasema.

Nilikasirika, nikausukuma wali pembeni. Alipotoka tu kwenda sokoni, nikachukua kisu, nikatoboa tundu dogo, nikaweka jicho.

Dirisha la Jantra nalo lilikuwa limezibwa kwa boksi. Katikati ya boksi hilo palikuwa na tundu dogo, na kwenye tundu, jicho lake linaniangalia.