Nukta Pembeni mwa Nyota Kubwa

Kidude cha taarifa kililia kiunoni mwa Eufemia Lucero akiwa anapakua posole, supu nzito ya mahindi na nyama, na upawa ukamponyoka ukazama sufuriani.

"Haya, bwana wako wa angani anakuita," alisema wifi yake, Benigna, huku akivuta bakuli lake karibu. "Kaka yangu huko kaburini anagaragara kwa wivu."

"Wifi, kula unyamaze." Eufemia alikuwa tayari ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti. "Ni mlipuko. Dakika mbili tu zilizopita."

Miaka minne alikuwa akiikimbilia milio ile. Mahali fulani mbali kupita kiasi, nyota kubwa hufa kwa kishindo na kurusha miale ya gama. Setilaiti huiona palepale, lakini jicho lake si kali: husema tu kwamba jambo limetokea upande fulani wa mbingu, kwenye duara pana kuliko Mwezi mpevu. Ni lazima mtu wa huku chini atafute nuru ya kawaida inayobaki baada ya mlipuko, na aipate upesi, maana hufifia kama kaa lililotolewa jikoni. Isipopatikana, hakuna atakayejua nyota ile ilifia wapi.

Eufemia alikuwa amekimbilia milipuko thelathini na mmoja. Hakupata hata mmoja. Mara moja alitangaza kwamba amepata, kumbe ni kijisayari kilichokuwa kikijipitia zake, na wenzake wa mtandao wa wapenzi wa nyota wakamcheka mwezi mzima. Baadaye Dk. Halvard Quist, mkuu wa kundi la chuo kikuu lenye darubini zinazojiendesha zenyewe, alimwandikia kwa adabu: moyo wake wanaushukuru, ila kazi hii sasa ni ya mashine, asijichoshe.

Alijichosha. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyesaga lenzi za miwani kwa miaka thelathini na minne kati ya hiyo, huko mjini Socorro, na kioo cha darubini yake alikisaga mwenyewe kwa mikono yake. Kibanda chenye paa la kusukuma alijengewa na mumewe, Abelino, mwaka mmoja kabla hajafariki.

Kulikuwa na theluji ya juzi uani, ngumu kama chumvi ya mawe. Alisukuma paa, akaelekeza darubini, akangoja giza likolee. Duara lilikuwa pana mno kwa picha moja, hivyo alilipiga kwa picha nne, kipande baada ya kipande, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuzilinganisha na picha za zamani za mbingu ileile. Nyota kwa nyota. Kilichopo leo na jana hakikuwepo, ndicho anachokitaka.

Saa moja na nusu usiku ujumbe ukaingia kutoka kwa kundi la Quist. Mashine zao zilikuwa zimekagua duara zima. Hakuna kitu.

Benigna alikuja na bakuli lililofunikwa kwa tortilla. "Wamesemaje?"

"Hakuna kitu."

"Basi rudi ndani, mwanamke. Pua yako imekuwa nyekundu kama pilipili."

Eufemia alikuwa ameinamia picha ya tatu. Pembeni yake kulikuwa na nyota moja angavu sana, na mwanga wake ulikuwa umemwagika pande zote kama maziwa yaliyochemka yakafurika. Alijua jinsi mashine zinavyofanya penye mwanga wa namna hiyo: hupaziba na kuparuka, kwa sababu hapo pana uongo mwingi. Lakini ndani ya ule mmwagiko, kwenye ukingo kabisa, palikuwa na kidoa.

"Kinaweza kuwa kivuli cha mwanga tu," alisema polepole. "Mwanga hurukaruka ndani ya vioo ukaacha alama. Nimeviona maisha yangu yote."

"Sasa utajuaje?"

"Unaisogeza darubini. Alama ya uongo itahama. Nyota haitahama kati ya majirani zake."

Akaisogeza darubini kidogo tu, mpaka ile nyota angavu ikatoka nje ya picha. Akapiga tena. Waliketi wawili wakitazama kioo cha kompyuta, mvuke ukiwatoka midomoni. Picha ilipofunguka, ule mmwagiko wa maziwa haukuwepo. Kidoa kilikuwepo, kimekuwa nukta safi, palepale kati ya majirani zake. Kwenye picha za zamani mahali pale palikuwa patupu.

"Mungu wangu," alisema Benigna.

"Bado. Huenda ni kijisayari tena."

Nusu saa ya kungoja kabla ya kupiga picha nyingine ilikuwa ndefu kuliko miaka minne. Kijisayari kingesogea; nyota iliyolipuka ingebaki mahali pake na kufifia. Alipopata picha ya pili aliziweka mbili ubavu kwa ubavu, akamwita wifi yake asogee.

"Mimi nimeshaitamani mno, sijiamini tena. Sema wewe. Imehama?"

Benigna alivaa miwani yake, ambayo Eufemia ndiye aliyeisaga. "Haijahama."

"Na mwanga?"

"Imefifia. Na usiniulize mara mbili, macho yangu si ya kuazima. Imefifia, wifi!"

Eufemia aliandika taarifa. Ilikuwa mistari sita, lakini kidole chake kilining'inia juu ya kitufe. Akikosea, darubini kubwa kuliko zote zitapoteza usiku mzima kwa ajili yake, na safari hii kicheko hakitaisha kwa mwezi.

"Abelino angekuwa ameshaituma," alisema Benigna.

"Abelino alikuwa hana subira."

"Ndiyo maana alikuoa."

Eufemia akacheka, akabonyeza.

Hawakulala. Mashine za Quist zilirudi kutazama mahali pale na zikaiona. Kisha darubini kubwa ya Hawaii ikageuzwa, na kabla ya mapambazuko simu ya jikoni ikalia. Alikuwa Quist mwenyewe.

"Mama Lucero, ni yenyewe. Tumepima umbali. Nuru hiyo imesafiri miaka bilioni kumi. Ilipoondoka huko, Jua letu lilikuwa halijazaliwa."

Eufemia alivuta kiti akaketi.

"Mashine zetu ziliruka mahali pale," Quist aliendelea. "Tutazirekebisha. Na ningependa uje utufundishe ulivyofanya."

"Nitakuja," alisema. "Ila siji kufundisha mashine. Niletee vijana."

"Nitakuletea."

Alipokata simu, waraka ulikuwa umeshasambazwa kwa wanaastronomia wa dunia nzima: nuru ya mlipuko imegunduliwa na E. Lucero, Magdalena, New Mexico. Aliusoma kwa sauti mara tatu, na mara ya tatu machozi yakamzuia asifike mwisho.

Benigna hakulia. Alinyakua simu akaanza kuwapigia watu wa ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado vitandani. Eufemia aliisikia sauti ya binamu yao wa Belen ikipaa kwa hofu upande wa pili: "Nani kafa?"

"Nyota!" Benigna alipiga kelele. "Nyota imekufa, na wifi yangu ndiye wa kwanza kuiona! Amka, uvae, mje mle!"