Maji ya Wageni

Kibakuli kilizama mara ya tatu, na maji yalikuwa hayajamaliza jaruba la kwanza la Mama Fadma. Bassou alikitoa kwenye ndoo, akakikung'uta, akakiinua juani kuona kama tundu la chini limeingia mchanga. Halikuwa na kitu. Tundu lilikuwa lile lile, upana wa sindano ya kushonea magunia, na shaba ilikuwa ile ile aliyoachiwa na baba yake. Kibakuli kikielea hadi kikajaa na kuzama, hiyo ni zamu moja ya maji. Tangu enzi za mababu, zamu moja ilinywesha majaruba matatu.

"Unanipunja, Bassou," alisema Mama Fadma akiwa ameegemea jembe. "Baba yako alikuwa akinipa maji mpaka naona haya."

"Mama, siwezi kukamua mawe."

"Basi niongezee kibakuli kimoja tu."

"Nikikuongezea wewe, nimemwibia Hmad."

"Thubutu!" Hmad alipaza sauti kutoka shamba la chini. "Bibi huyu akipewa mto atataka na chemchemi yake."

Walicheka, kwa sababu siku hizo walikuwa bado wanacheka. Ulikuwa mwaka wa nne wa ukame hapo Taghbalut. Mfereji uliochimbwa chini kwa chini kutoka kwenye miguu ya mlima ulikuwa unatoa maji ya kufunika kidole, na Bassou, mgawa maji wa kijiji, aliyagawa hayo kwa haki, tone kwa tone. Mitende iliishi. Ilikuwa imekonda, lakini iliishi.

Mmojawapo ulikuwa kando ya bwawa la mawe, mahali mfereji unapotokeza. Desturi ya hapo mtoto akizaliwa hupandiwa mtende, nao hupewa jina lake. Izza, mtoto wa Bassou, alizaliwa, akapandiwa, akaishi miaka sita, homa ikamchukua katika siku mbili. Mtende ulibaki. Kila siku Tuda, mke wa Bassou, aliubebea maji aliyooshea vyombo, akaumwagia taratibu, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaongea nao nini.

Mjumbe wa kijiji alileta habari Jumatatu. Alhamisi watakuja wageni kutoka mjini. Kampuni inataka kuchimba madini ya kobalti nyuma ya mlima, na sheria inasema kabla ya kuchimba lazima waje wataalamu waandike kila kilichopo: maji, miti, ndege na watu. Watapima hata mfereji.

Kijiji kizima kilikutana uwanjani, na hakuna aliyezungumzia kobalti. Walizungumzia aibu.

"Watu watoke mjini," alisema mjumbe, "waje kwetu wakute uzi wa maji kama mkojo wa mgonjwa?"

Waliamua kwa sauti moja. Siku tatu hakuna kumwagilia. Maji yote yafungiwe bwawani, na asubuhi ya Alhamisi Bassou atazibua. Jirani akipata mgeni huku, unampelekea kuku wako wa mwisho na kuapa kwamba una wengine ishirini. Sasa mgeni alikuwa wa kijiji kizima.

Tuda peke yake ndiye aliyepinga, nyumbani, mikono ikiwa kwenye unga.

"Mficha uchi hazai, Baba Izza. Waacheni waone tulivyo."

"Ni heshima tu, mke wangu. Mgeni haoneshwi chungu kitupu."

"Mgeni wa kula, sawa. Huyu anakuja kuandika."

Bassou alitoka kwenda kufunga bwawa. Baadaye, kwa miaka, alikuja kuyajibu maneno hayo kila alipokuwa peke yake, na hakupata jibu hata moja la kumtosha.

Alhamisi ilikuwa na jua zuri. Mhandisi aliitwa Sqalli, kijana wa mjini mwenye adabu, viatu vyake vikiwa bado vya dukani. Bassou alichomoa kizibo cha bwawa na maji yakatoka kwa kishindo, meupe, yakirukia kingo. Hata waliojua siri walisisimka. Watoto walijitupa ndani na nguo zao. Mhandisi aliingiza majini kidude chenye mapanga kama feni ndogo, akakitazama, akatazama saa yake.

"Lita kumi na nne kwa sekunde," alisema. "Mzee, hapa mna baraka."

"Tunamshukuru Mungu."

"Huwa hivi siku zote?"

Mjumbe alikuwa amesimama na birika la chai. Nyuma yake, kwenye mkeka, palikuwa na kuku watatu wa nyumba tatu tofauti, na mkate wa moto uliopakwa samli. Kumlilia mgeni shida ukiwa umemkaribisha, hapo kwao, ni sawa na kumnyooshea kiganja. Bassou alihisi macho ya kijiji chote mgongoni.

"Mungu hatunyimi," alisema.

Mhandisi aliandika. Ndani ya begi lake kulikuwa na mwongozo unaotaka maji yapimwe majira yote ya mwaka, kiangazi na masika, kabla mtu hajasema lolote. Lakini dereva alikwisha kupiga honi mara mbili, na vijiji vingine vitatu vilikuwa vinangoja siku hiyo hiyo. Alimpa Bassou karatasi.

"Tia kidole hapa. Ni kuthibitisha tu kwamba ulikuwepo nilipopima."

Bassou alitia. Wageni walikula, wakasifu, wakaondoka. Hmad alitazama maji yanavyotambaa hadi jaruba lake la mwisho.

"Laiti wangekuja kila wiki!" alisema.

Ripoti ilifika miezi minane baadaye. Iliwekwa kwenye ofisi ya tarafa siku ishirini, ili mwananchi yeyote aisome na kutoa maoni: vitabu vitatu vinene, vyote kwa Kifaransa. Bassou alitembea asubuhi nzima kufika. Karani alifungua kitabu cha pili akamsomea kwa kutafsiri, huku akitafuna karanga.

"Chemchemi ya Taghbalut ina maji tele. Kampuni ikivuta lita sita kwa sekunde, wakazi watabakiwa na nane, nazo zinazidi mahitaji yao. Shahidi, mgawa maji wa jadi. Ni wewe huyu?"

"Ni mimi. Lakini hayo hayakuwa maji yetu. Yalikuwa maji ya wageni."

"Maji ya wageni ndiyo maji gani?"

Bassou alimweleza yote, siku tatu, bwawa, kizibo. Karani aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo mlidanganya."

"Hatukudanganya, mwanangu. Tulikirimu."

"Mzee wangu, serikali haina fomu ya ukarimu." Alicheka, si kwa ubaya. "Haya, maoni yanaandikwa humu. Sema, nikuandikie."

Bassou alisema kwa muda mrefu. Alitaja ukame, akataja majaruba na kibakuli, akaomba waje tena mwezi wa nane wapime upya, hata bila kuagana siku. Karani aliandika mstari mmoja.

"Umeandikaje?"

"Mkazi ameulizia habari ya maji. Amejibiwa."

Pampu zilianza kuvuta kabla ya mwaka kwisha. Mfereji ulikuwa na kidole kimoja cha maji, kikawa nusu kidole, kisha unyevunyevu. Bassou aliingia chini kwa magoti na taa, akachimbua tope hadi kucha zikang'oka, akidhani labda kuna mahali pameziba. Hapakuziba popote. Mwaka wa pili akakitundika kibakuli msumarini.

Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na hilo ndilo lililomuumiza. Waliamua wote, wakalipa wote, lakini kidole kwenye karatasi kilikuwa cha kwake. Mama Fadma aliacha tu kumtania. Alifariki majira ya baridi, na maji ya kumwoshea yalitoka kwenye lori la kampuni linalokuja kila Jumanne, lenye picha ya mtende wa kijani ubavuni. Hmad alifunga mlango wake kwa waya akaenda Casablanca kubeba saruji.

Tuda aliendelea na maji ya vyombo. Yalikuwa kikombe, kisha nusu kikombe. Mtende wa Izza ulidondosha makuti ya nje kwanza, kisha ya ndani. Siku moja kichwa chake kiliinama kikaanguka bwawani, na bwawa halikuwa na kitu cha kukipokea. Bassou alilia siku hiyo. Tuda hakulia. Alifagia.

Mwaka wa tano gari jeupe la wageni lilirudi.

"Mzee Bassou!" Mhandisi Sqalli aliteremka na mikono miwili mbele. Alikuwa ameota kitambi kidogo. "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka kuliko unavyodhani. Twende."

Safari hii Bassou hakungoja mjumbe wala mkeka. Alimshika mgeni mkono, akampeleka hadi mdomo wa mfereji, akamlazimisha kuinama na kushika vumbi. Akasimulia kila kitu. Aliisema kweli yote, hata sehemu zinazomfanya aonekane mjinga, na alipomaliza alihisi kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza katika miaka mitano.

"Sasa pima," alisema. "Pima leo, kesho, mwezi wa nane. Njoo saa yoyote."

Mhandisi alikuwa amesikiliza bila kumkatiza. Alitoa fomu, akaandika sifuri.

"Nakushukuru kwa ukweli wako, mzee. Umeturahisishia kazi."

"Kazi gani?"

"Utafiti huu ni wa upanuzi. Kampuni inataka kuchimba na upande huu wa mlima. Sisi tunaandika hali iliyopo sasa, kisha tunajiuliza mradi mpya utaharibu nini. Maji hakuna. Kwa hiyo hakuna maji yatakayoharibika."

Bassou alidhani hakusikia vizuri. "Na yaliyokuwepo?"

"Hayo yamo kwenye ripoti ya kwanza."

"Si mliyachukua ninyi?"

"Ripoti ya kwanza inasema mlibakiwa na lita nane, mzee. Umeweka kidole." Alisema kwa upole, kama daktari. "Kilichotokea hapa katikati ni ukame. Hilo ni jambo la mbinguni."

Alianza kuhesabu mitende akielekeza kalamu, akaruka mingi. Iliyokufa haihesabiwi. Kando ya bwawa alipiga gogo lisilo na kichwa kwa kiganja, likatoa sauti ya utupu.

"Na huu?"

"Huo ni Izza."

"Izza? Sijawahi kuisikia hiyo. Ni aina ya tende za wapi?"

Bassou aliweka kiganja chake juu ya gogo.

Tuda alikuwa amefika nyuma yao na sinia la chai, beseni, na birika la kunawia. Hakuna aliyemwita.

"Baba Izza," alisema, "mgeni hajanawa."

Mhandisi alitazama sinia, akamtazama yule mama, kisha lile gogo. Kalamu yake ilisita kidogo. Halafu akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya shati, akanyoosha viganja. Tuda alimmiminia maji ya lori, taratibu, bila kuharakisha, mpaka vumbi lote la mfereji likamtoka vidoleni na kuingia kwenye beseni. Akampa kitambaa. Kisha akalibeba beseni kwa mikono miwili hadi kwenye gogo, akachuchumaa, akayamwaga maji yale shinani, akabaki hapo akiongea kwa sauti ya chini, huku mhandisi akimnyooshea Bassou karatasi na kumwonesha mahali pa kutia kidole.