Kutoka Kushoto

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, kikundi cha historia ya kijiji hukutana katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye meza moja, viti sita na kabati lisilofungika mpaka ulisukume kwa goti. Katibu wake ni mshonaji nguo, mama wa makamo mwenye mwandiko mzuri. Kazi yake ni kuandika maelezo ya picha za zamani: nani kasimama wapi, kutoka kushoto.

Picha ya ufunguzi wa kisima ilimsumbua kuliko zote. Katikati alisimama babu yake mwenyekiti wa kikundi, ameshika jembe, viatu vinang'aa. Pembeni kabisa, kulia, alikuwapo bibi yake katibu, matope hadi magotini. Kisima alikichimba bibi, miezi minne, peke yake. Nyumbani kwao hata watoto walijua. Lakini katibu aliandika kama alivyoambiwa: katikati, babu yake mwenyekiti, mchimbaji wa kisima, na wengineo.

Alhamisi iliyofuata, ndani ya picha, bibi alikuwa amesogea hatua mbili kushoto. Wiki ya tatu alikuwa katikati, na jembe analo yeye. Babu wa mwenyekiti alibaki mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Mwenyekiti, naona maelezo tuyabadilishe," alisema katibu. "Mwenye jembe ni bibi yangu."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaitazama picha bila haraka.

"Ni yeye, sikatai. Lakini maelezo yalishapita kwenye kikao, dada. Picha ndiyo imekosea."

"Picha inakoseaje?"

"Mtu mzima na akili zake hukosea, seuze karatasi."

"Halafu hakuomba ruhusa," aliongeza mjumbe mmoja, fundi baiskeli. "Leo kahama huyu, kesho wote watataka kukaa mbele."

Wakapiga kura. Watano kwa mmoja.

Picha ikatundikwa ukutani, maelezo yake chini. Bibi akaanza kuchimba. Udongo ukawa unadondoka chini ya fremu, mwekundu, mbichi, ingawa picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Karai zima kwa wiki. Katibu aliufagia mara mbili. Mara ya tatu mwenyekiti akaushika ufagio.

"Usiutupe, dada. Hii ni kumbukumbu."

Wakaujaza kwenye chupa kubwa ya kioo, wakaiweka juu ya kabati. Mwenyekiti alitamka, katibu akaandika kibandiko, bila kukosea hata herufi: *Udongo halisi wa kisima. Mchimbaji: babu yake mwenyekiti.*

Ukutani, bibi alikuwa amezama hadi mabegani. Katibu alimtazama kidogo, akaenda kuleta ndoo, akaitega chini ya fremu. Kwa kina kile maji hayakuwa mbali.

Nyuma yake mwenyekiti alikwisha kohoa, tayari kutamka kibandiko cha maji.