Pazia la Kiti cha Nyuma

Komeo la mlango wa choo lililia "ti", sauti ndogo kama ya kijiko kikigusa sahani. Bibi akasimama pale koridoni, mkono bado uko mlangoni, akisikiliza kama ameamsha mtu. Nje giza lilikuwa halijaanza kufifia. Tangu juma lililopita alikuwa amelifunga komeo lile kwa kipande cha khaki ili lisigonge, lakini kitambaa kilikuwa kimeteleza. Akakirudisha mahali pake, akakaza fundo, kisha akajikokota hadi mezani. Hakuona haja ya kurudi kulala. Hata kama usingizi ungemchukua, baada ya muda si mrefu angeamka tena kwa safari ileile ya chooni.

Juu ya meza ya chakula ilikuwa imetandazwa ramani. Mwanawe, fundi wa friji, alikuwa ameichapisha katika karatasi nne na kuziunga kwa utepe wa gundi. Kona zake alizikandamiza kwa bisibisi, koleo, kopo la chumvi na miwani ya Bibi mwenyewe. Bibi alikuwa ameitafuta miwani ile jana jioni yote. Akaichukua, akaivaa, na kona ya ramani ikajikunja taratibu kama mtu anayejifunika shuka.

Ilikuwa ramani ya hifadhi ya wanyama, na mstari wa kalamu nyekundu ulitoka getini ukaenda moja kwa moja mpaka mtoni. Bibi akaufuata kwa kidole. Mstari haukusimama popote.

Safari yenyewe ilikuwa ni ya kwake. Miaka yote ya kazi alishona sare za askari wa wanyamapori katika karakana moja yenye madirisha ya juu, na kila shati lilikuwa na nembo ya tembo begani. Mwili wa tembo aliushona kwa cherehani. Masikio aliyamalizia kwa mkono, maana mashine ilikuwa inayakunja. Mwanawe humtania kwamba tembo waliopita mikononi mwa Mama ni wengi kuliko waliomo porini, na bado hajaonana na hata mmoja anayepumua.

Ilikuwa kweli. Na Bibi alikuwa na jambo ambalo alimwambia marehemu mumewe tu: hakuwa na hakika na yale masikio. Mchoro waliopewa kazini ulionyesha sikio lililosimama, limekatwa chini kama jani. Mikono yake ilikuwa inakataa. Kwa jinsi alivyokijua kitambaa, alihisi sikio zito namna ile lingeanguka na kufanya mikunjo. Kabla hajafa alitaka kwenda kuangalia.

Kwa hiyo mwanawe alipoazimwa gari refu na bosi wake kwa likizo nzima, alimwambia Mama ajiandae. Hakutaka kuchukua kiongozi wa watalii. Alisema viongozi wana haraka, wanakuonyesha mkia wa mnyama kisha wanawasha gari. Wataendesha wenyewe, na Mama akimpata tembo wake atamtazama mpaka tembo mwenyewe aone haya.

Mambo yaliharibika jioni moja, wakati mjukuu aliposoma kanuni za hifadhi kwenye simu ya baba yake. Mjukuu huyo nyumbani humwita Swali, kwa sababu anazojua mwenyewe kila aliyewahi kukaa naye chumba kimoja. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji: ni marufuku mtu kushuka garini, isipokuwa mahali palipowekwa alama. Bibi akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, je, mtu akitaka kuchimba dawa njiani?

"Mama, kule ukishuka kuchimba dawa, simba anakuchimba wewe," mwanawe akasema.

Wote wakacheka. Bibi naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfunga mdomo.

Maana tatizo lake lilikuwa hilo. Tangu mwaka uliopita mwili wake ulikuwa umeacha kumsikiliza. Akibanwa, amebanwa, hakuna kusubiri. Aliligundua siku walipokuwa wanakwenda kumwamkia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anayekaa mbali kwenye barabara ya vumbi. Mwanawe alikwepa mbuzi, gari likaingia mtaroni, wakakaa mchana kutwa wakisubiri trekta la kuwavuta. Bibi alijikaza mpaka kujikaza kukamshinda. Alipokuwa amesimama nyuma ya gari, hajui afanye nini na gauni lake, mke wa mwanawe alikuja akavua mtandio wake mwenyewe, akamfunga kiunoni. Alisema upepo ni mkali. Hapakuwa na upepo. Wakageuza njia, wakarudi nyumbani, na tangu siku hiyo Bibi hakukanyaga tena kwa wifi yake. Kila akialikwa alikuwa na miguu inayouma.

Sasa alijaribu kujifundisha. Akaacha kunywa maji mchana, na chai yake ya asubuhi akawa anaimwaga kwenye chungu cha ua dirishani, wenzake wakigeuka. Alichopata ni kichwa kinachogonga na midomo mikavu, na usiku komeo lilikuwa linalia vilevile. Mwisho akakata shauri. Wakiwa mezani akasema waende wao, yeye simba anawaogopa, atabaki kulinda nyumba.

Mwanawe akaanza kuokota bisibisi na koleo kutoka kwenye kona za ramani, kimoja kimoja, akivifuta kwa kidole gumba ingawa vilikuwa safi.

"Ni ule mtaro, siyo?" akauliza. "Huniamini tena nikishika usukani."

Bibi alitaka kusema hapana. Lakini hapana ingezaa swali jingine, na swali lile lingempeleka asikotaka kufika mbele ya mwanawe wa kiume na mtoto mdogo. Akasema tu kwamba yeye ni mzee, wamwache. Mwanawe akakunja ramani na kuiweka juu ya kabati. Siku zile hakutania tena mambo ya tembo, na akiendesha gari kwenda kazini alikuwa anatoka uani polepole mno, kama anayejifunza. Bibi alimwona dirishani, na ilimuuma kuliko kichwa.

Aliyeshughulikia jambo hilo ni mke wa mwanawe. Yeye ni mpanga ratiba katika ofisi ya mabasi. Hukaa dirishani pake tangu basi la kwanza linapoondoka mpaka la mwisho linaporudi, na mumewe humwita Bi Ratiba, hasa akiona hata kupika kwake kuna saa ya kuondoka na saa ya kufika. Asubuhi moja alikuwa anafuta vumbi dirishani, akasimama mbele ya chungu cha ua.

"Mama, ua hili siku hizi linakunywa chai kuliko sisi," akasema. "Tena limenenepa."

Bibi akajishughulisha na kuchambua mchele. Mkwewe alimimina kikombe kingine, akakiweka karibu na mkono wa Bibi, akaenda zake kazini.

Jioni alirudi na kitambaa kizito cha rangi ya majani makavu, kipimo cha kutosha kufunika kitanda. Akakiweka juu ya cherehani ya Bibi. Akaeleza, mumewe na Swali wakisikia, kwamba ameliangalia lile gari la bosi. Nyuma kabisa kuna kiti kidogo kinachokunjwa, na kikikunjwa pana nafasi ya kuweka ndoo yenye mfuniko. Kinachokosekana ni pazia la kuzunguka pale, lenye pete za kuvutia, na mshonaji wa pazia kama hilo yumo humu ndani.

"Ni kwa ajili yangu, Mama," akasema, macho yako kwenye kitambaa. "Nikikaa sana garini nabanwa. Ofisini huwa najikaza tu."

Bibi akamtazama. Huyu ni mwanamke anayekaa kwenye kiti kimoja kutwa nzima bila kuinuka, hata wenzake wa ofisini wanamwita Msumari. Alikuwa amejitwika aibu isiyo yake na kuivaa mbele ya mumewe na mtoto wake kama vile nguo aliyopimiwa. Bibi akaupitisha mkono kwenye kitambaa kutafuta upande wa nje, kisha akauliza.

"Unataka lifunike na madirisha, au liishie kwenye kiti?"

"Lifunike na madirisha. Tumbili nao wana macho."

Bibi alishona siku tatu. Bi Ratiba naye aliishusha ramani kabatini na kumkalisha mumewe. Akamwambia mstari wake mwekundu ni wa gari la mizigo, si wa watu. Hata dereva mkorofi kuliko wote wa mabasi yao asingethubutu kupeleka abiria kutoka getini mpaka mtoni bila kituo. Akachora upya kwa kalamu ya buluu: hapa kambi ya askari, pana choo; hapa mnara wa kutazamia, pana choo; hapa mahali pa kulia chakula, pana choo na kivuli. Mstari wake ulipinda huku na huku, na siku moja ikawa mbili. Mumewe akalalamika kwamba hajui tena ni safari ya wanyama au ya ukaguzi wa vyoo. Alijibiwa kwamba ni likizo ya mkewe vilevile, na kama anabisha, apande basi.

Kisha akasema gari halijajaribiwa, na gari lisilojaribiwa haliingii porini. Jumamosi wataenda kwa Shangazi, yule wifi yake Bibi, kwa barabara ileile ya vumbi, kwa kanuni zilezile za hifadhini: hakuna kushuka mpaka kituoni. Na majaribio yanataka abiria wote.

Bibi akainuka kwenda kutafuta viatu vyake vya safari, na mwanawe akajifanya anatafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika.

Jumamosi hiyo Swali aliteuliwa kuwa askari wa hifadhi. Aliandika faini za ng'ombe, mbuzi na mwendesha baiskeli mmoja. Baba yake aliendesha akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, bega limepanda mpaka sikioni, na kila penye kokoto alipunguza mwendo. Wakaupita mtaro wao bila mtu kuusema. Walipokuwa wamebakiza sehemu kubwa ya njia, Bi Ratiba akatangaza kwamba amebanwa, gari lisimame. Akaingia nyuma, pete zikateleza kwenye waya, pazia likafunga. Baada ya muda akatoka akinawa mikono kwa maji ya chupa.

"Mama, naomba na wewe uingie," akasema. "Wewe ndiye fundi. Niambie kama linaacha upenyo."

Bibi akaingia. Ndani mlikuwa na mwanga wa kahawia kama wa karakana wakati wa jioni. Na mara tu alipokaa, huko mbele redio ikafunguliwa kwa sauti ya juu, muziki wa kutetemesha vioo. Hakuna aliyemwomba mwanawe kufanya hivyo. Bibi alikaa pale kwenye ndoo, ameshika upindo wa pazia alioushona mwenyewe, akajua kwamba mtoto aliyemzaa anaelewa, au ameelewa dakika ileile, na kwamba hatauliza kamwe. Machozi yakamtoka kidogo. Akayafuta kwa pazia.

Alipoingia alikuwa ameikuta ndoo kavu. Maana Bi Ratiba hakuwa ameitumia. Sasa haikuwa kavu tena. Bibi akafunika mfuniko, akarudi kwenye kiti chake. Redio ikapunguzwa.

"Mwanangu," akasema, "si uendeshaji wako nilioogopa. Sikuuogopa hata siku ile."

Mwanawe akakohoa, akaitazama barabara, ingawa gari lilikuwa limesimama. Bega lake likashuka.

"Basi njoo ukae mbele, Mama. Utawaona vizuri."

"Niache huku huku. Huku nina pazia langu."

Akawasha gari, na safari hii wakaenda kama watu wanaokwenda.

Wifi yake aliwapokea mlangoni akiwa na fimbo ambayo Bibi hakuijua. Walisalimiana kwa kushikana mikono, kwa adabu, kama wageni. Bibi akaona jinsi muda ulivyopita. Wengine walipokwenda kukagua tairi na jeki, wifi alisema, bila kumtazama, kwamba alidhani amenuniwa. Alikuwa amejichunguza usiku na mchana kutafuta neno alilolisema vibaya.

Basi Bibi akamwambia. Alisimama pale ukumbini akayasema yote: siku ya mtaro, mtandio, komeo lililofungwa kitambaa, na chai ya ua. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia kwa masikio yake, na hayakuwa marefu kama alivyodhani.

Wifi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka polepole, akalazimika kukaa chini.

"Na mimi nililala njaa ya maneno mwaka mzima kwa sababu ya kibofu chako," akasema. "Si ungesema, wifi. Hata mimi nalala na tochi mkononi, njia ya chooni naijua kuliko ya sokoni."

Walikaa mpaka jua lilipoanza kulala. Bibi alikunywa chai vikombe viwili, na kila alipoinuka wifi alimwonyesha mlango kwa fimbo bila kukatisha hadithi. Honi ilipopigwa, walishuka ngazi pamoja, hakuna aliyejua nani anamshikilia nani. Wifi akaingiza kichwa garini, akalishika pazia, akaligeuza kuangalia mshono wake, akatikisa kichwa kuridhika.

"Mkitoka huko kwa tembo msipitilize," akasema, mkono bado uko dirishani. "Njoo tena, wifi, mimi nipo na choo kipo palepale. Uniambie yale masikio. Marehemu kaka aliniambia yanavyokusumbua."