Mkono Ulioomba Nafasi

Jumatatu asubuhi, vijana waliochaguliwa kwenda kujifunza uongozi walipanga foleni nje ya ukumbi wa chuo cha ualimu, ambacho kilikuwa likizo. Kila mmoja alipewa beji, kalamu, fulana iliyomzidi kimo, na kitanda cha juu au cha chini bwenini. Nukta alipata cha juu. Nukta halikuwa jina lake. Walimwita hivyo kwa udogo wa umbo, na yeye alikuwa ameacha kubisha tangu shule ya msingi. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa bondeni, na alikuja na jambo moja tu.

Jambo lenyewe ni hili. Bondeni kulikuwa na zahanati mpya. Ilikuwa na bati la bluu, kitanda cha kujifungulia kilichokuwa bado ndani ya nailoni, mizani ya kupimia watoto, na muuguzi aliyekwisha kupangiwa kazi pale na kupokea mshahara wake akiwa nyumbani kwake. Vyote hivyo, isipokuwa muuguzi, ungeviona ukichungulia dirishani. Kilichokosekana ni mgeni rasmi wa kukata utepe. Utepe wenyewe ulikuwepo. Mama yake Nukta ndiye aliyeushona, na ulipopauka kwa jua akashona mwingine, na huo nao ukapauka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sidhani kama kuna mtaa uliowahi kuyamaanisha maneno hayo kama bondeni. Dada yake Nukta alikuwa na mimba kubwa, mumewe dereva wa malori yuko safarini, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye daraja lenye tabia zake mvua ikinyesha. Siku ya mwisho ya wiki, Mheshimiwa wa jimbo lao angekuja kujibu maswali ya vijana. Nukta alitaka kumwuliza zahanati itafunguliwa lini.

Mwezeshaji, mtu wa makamo mwenye kalamu za rangi mfukoni, aliwaambia kwamba serikali haifundishwi kwa mdomo, inafundishwa kwa kuiendesha. Basi wakaiendesha. Wakamchagua Spika, kijana mrefu wa mtaa wa juu aliyekuja na tai yake mwenyewe. Wakachagua Karani. Nukta aligombea uwaziri wa afya, akashindwa na mvulana aliyegawa biskuti bwenini. Nukta naye aliila biskuti yake, lakini kura alijipigia mwenyewe, na ikawa ndiyo kura pekee aliyoipata.

Kisha Mwezeshaji akasema bunge bila kanuni ni soko, akawataka watunge kanuni yao ya kwanza. Wa kwanza kusema alikuwa Nukta. Alisema shuleni kwao yeye hukaa nyuma, na kwamba ameinua mkono miaka yote hiyo na mwalimu anaona ukuta. Kwa hiyo yeye anapendekeza mtu akiinua mkono, asiushushe mpaka asikilizwe. Mwezeshaji akaipenda. Akaiandika ubaoni kwa kalamu ya kijani, akiipamba lugha kidogo: mkono wowote utakaoinuliwa ndani ya ukumbi huu hautashuka hadi mwenye mkono apewe nafasi ya kusema. Akauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Wakasema ndiyo, kwa sauti ya watu wanaotaka kwenda kula. Hakuna aliyekataa.

Kanuni ikaanza kufanya kazi, kama kanuni inavyotakiwa. Kesho yake kijana mmoja mnene aliinua mkono wakati Spika akitangaza mapumziko ya chai, na Spika akajifanya hakumwona. Yule kijana akaenda kunywa chai mkono ukiwa juu. Mpishi akamwongezea sukari na kumwonya asije akagusa feni.

"Unauma?" Nukta akamwuliza.

"Hauumi. Umekataa tu."

Baada ya chai alipewa nafasi, akasema kuwa vyoo vya wavulana havina maji, na mkono ukashuka taratibu mpaka mfukoni. Tangu hapo Spika akawa mwangalifu, maana nani anataka kuongoza bunge lililosimamisha mikono kama shamba la mahindi? Kila aliyetaka kusema alisema. Vikao vilikwenda mpaka chakula kikapoa. Vyoo vikapata maji. Mwezeshaji akaandika kwenye ripoti yake kwamba ushiriki wa vijana umeongezeka.

Nukta naye alisema. Alimwuliza yule waziri wa biskuti kuhusu zahanati, na lazima tumpe haki yake, mvulana yule alisimama palepale akasema ifunguliwe leo. Bunge likapitisha kwa kauli moja. Wakapiga meza mpaka glasi ya Spika ikaanguka. Lakini zahanati haikuwa ndani ya ukumbi.

Jumamosi Mheshimiwa aliwasili vijana wakiwa wamekwisha kuimba nyimbo zote wanazozijua na kuzirudia. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kicheko cha karibu. Ofisi yake ilikuwa imetuma maswali mapema ili vijana wasipate tabu ya kufikiri. Wa kwanza akauliza siri ya mafanikio yake. Wa pili akauliza anapata wapi muda wa kupumzika. Alipokuwa anajibu la pili, Nukta aliinua mkono.

Spika alimwona. Hilo halina ubishi, hata yeye mwenyewe baadaye alilikiri. Lakini msaidizi wa Mheshimiwa, aliyekaa karibu naye, aligonga kioo cha saa yake mara mbili kwa kidole, na Spika alikuwa ameahidiwa kupiga picha pembeni ya mgeni. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba muda hauruhusu. Akamshukuru mgeni kwa niaba ya vijana wote. Akaahirisha kikao hadi mwakani.

Nukta alitoka mbio na mkono wake juu, akaliwahi gari kwenye geti. Mheshimiwa alimwona kupitia dirishani, akadhani anapungiwa. Naye akampungia, kwa furaha ya kweli, mpaka gari likakata kona.

"Kanuni inabadilishwa na bunge," Mwezeshaji alimweleza, akikunja mabango. "Bunge limeahirishwa. Mimi sina mamlaka, binti yangu. Ningekuwa nayo, ningekusaidia."

"Dada yangu hawezi kusubiri mwakani."

"Subira yavuta heri," alisema Mwezeshaji, akampa cheti chake kwenye mkono wa kushoto.

Mama yake hakushangaa. Alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyenenepa, akamzungusha, akachukua mkasi. Blauzi zake zote akazifumua kwapani, akaushona mkono wa kulia uelekee juu, na sare ya shule akaitia vifungo ubavuni ili aweze kuivaa bila kuingizia kichwa. Alilalamika kuhusu kitambaa tu. Njiani, madereva wa pikipiki walisimama kila Nukta alipopita, wakidhani anawaita, na ikabidi kila asubuhi awaombe radhi. Baada ya muda wakamzoea. Shuleni hakuna aliyeona tofauti. Alikuwa ameinua mkono, na mwalimu aliendelea kuandika ubaoni.

Dada mtu ndiye aliyemcheka. Alikaa kizingitini miguu imevimba, akamtuma amtungulie kila kitu kilichokuwa juu ya kabati.

"Kumbe Mungu hakunyimi vyote," alisema. "Alikunyima urefu, sasa amekulipa kwa awamu."

"Ukizaa, nani atakubebea mtoto? Mimi nina mkono mmoja."

"Utambebea huohuo. Wewe ni mama mdogo, hujaambiwa uchague."

Uchungu ulimshika mchana, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Daraja lilikuwa chini ya maji. Mama alisema wakimbilie zahanati, labda mlinzi atakuwa na huruma, na mlinzi alikuwa nayo tele. Alikuwa analia kabla hawajafika. Lakini kufuli lilikuwa na ufunguo wake, ufunguo ulikuwa ofisini, na mwenye ofisi alikuwa ng'ambo ya mto pamoja na hospitali. Mlinzi alipigapiga kufuli kwa jiwe mpaka jiwe likapasuka. Lilikuwa kufuli zuri, la kununuliwa na serikali.

Wakamlaza barazani, chini ya dirisha. Upepo ulikuwa ukiingiza mvua, kwa hiyo Nukta akasimama na kushikilia turubai kwa mkono wake wa juu, na mkono huo haukutetemeka wala kuchoka, ulikaa pale ulipokaa siku zote. Mtoto alitoka mzima, akilia kwa hasira. Alikuwa wa kiume. Nyuma ya kioo kitanda kilikuwa kikionekana, na nailoni yake, na mizani. Damu ya dada haikukata. Mama alikunja kanga moja, akakunja ya pili, akavua yake mwenyewe.

"Nukta," dada yake alisema, "mbona kuna baridi hivi?"

Nukta alilishusha turubai upande mmoja kwa mkono wa kushoto amfunike. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Dada yake alikufa kabla mvua haijapungua, na Nukta akalia kwa sauti, akatukana kufuli, akatukana utepe, akamtukana Mheshimiwa na kicheko chake, huku mkono ukiwa juu kana kwamba hata matusi yale alikuwa anayaombea ruhusa.

Msibani watu walisema ni kazi ya Mungu. Mama alikuwa amejiinamia kwenye mkeka. Akainua uso.

"Mvua ndiyo kazi ya Mungu," alisema. "Kufuli ni kazi ya watu."

Watu wakaendelea na dua.

Shemeji alirudi, akazika, akakaa, akaondoka tena na lori, maana lori halijui matanga. Mtoto akabaki kwa bibi yake, pembeni ya cherehani. Walimwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyokuwa akiwaamsha watu na kuwapangia kazi. Nukta alimlisha kwa mkono wa kushoto, akamwogesha kwa mkono wa kushoto, akajifunza kumbana kwenye nyonga ili asiteleze. Kumbeba hakuweza kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa mzito na mpenda kujipinda, na mara mbili nusura amwangushe. Kila mara Bibi alikuja kumpokea, na kila mara Nukta aliona uchungu, kwa sababu marehemu alikuwa amemwambia yeye ndiye atakayembeba.

Mwaka ulipozunguka, barua ya mwaliko ilifika. Nukta aliitwa kama mjumbe mwenye hoja isiyokwisha. Asubuhi ya siku ya mwisho, mama yake alimfunga Bwana Mkubwa mgongoni ili waende pamoja.

"Leo jioni," Nukta alisema, akimtekenya mtoto shingoni, "mama mdogo atakupakata kwa mikono yote miwili. Utachoka mwenyewe."

"Inshallah," alisema mama, na akacheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu.

Ukumbi ulikuwa uleule, vijana wapya, fulana zilezile kubwa. Spika wa safari hii alikuwa msichana mwenye miwani aliyezijua kanuni kwa moyo. Mheshimiwa alikuja, amenenepa kidogo, mchangamfu vilevile. Kabla ya swali la siri ya mafanikio, Spika alisema kuna kiporo cha mwaka jana, akampa Nukta nafasi.

Nukta akasimama. Alipofungua kinywa, mkono ukaanza kushuka. Ulishuka polepole, bega likilia kama bawaba ya mlango wa zamani.

"Mheshimiwa, zahanati ya mtaa wa bondeni itafunguliwa lini?"

Alipomaliza, mkono ulikuwa umefika pajani. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na wa baridi.

"Swali zuri sana," alisema Mheshimiwa. "Swali zuri kupindukia. Ningependa tumpigie makofi binti huyu." Wakampigia. "Suala hilo linashughulikiwa. Mchakato uko katika hatua nzuri, na nawahakikishia wananchi wa bondeni kwamba hawajasahaulika."

Makofi tena. Karani akaandika kwamba swali limeulizwa na kujibiwa. Mwezeshaji, aliyekuwa amesimama kando ya mlango, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, na sina shaka alifurahi kweli. Kanuni ilikuwa imetimizwa yote. Haikuwahi kusema chochote kuhusu jibu.

Nukta alikaa chini. Alikunja vidole vya mkono wa kulia, akavikunjua. Aligeuka akatazama nyuma ya ukumbi, ambako mama yake alikuwa amekwisha kumfungua mtoto na kumweka magotini, amemwelekeza mbele, tayari. Bwana Mkubwa alikuwa anatafuna mkanda wa mkoba. Spika akauliza kama kuna mwenye swali la nyongeza kabla ya kufunga. Msaidizi wa Mheshimiwa alikuwa amekwisha kuangalia saa. Hapo Nukta alijua kila kitu kitakachotokea, kwa sababu kilikwisha kutokea. Bila shaka alifikiri juu ya mtoto. Mama yake anasema alimwona akimtazama muda mrefu.

Kisha akainua mkono wa kushoto.

Msaidizi akagonga saa. Spika mwenye miwani akamtazama Nukta, akatazama kanuni iliyobandikwa ukutani, akasema muda hauruhusu. Kikao kikaahirishwa hadi mwakani. Mheshimiwa alipokuwa akitoka aliuona mkono, akaupungia.

Nukta akapita katikati ya viti mpaka nyuma. Mama yake alimpima kwa macho, bega, kwapa, urefu.

"Wa kushoto?"

"Wa kulia umechoka, mama. Na hakusema ni lini."

Mama akasimama. Akampangusa mtoto mate, akamzungukia binti yake na kumkabidhi Bwana Mkubwa upande wa kulia.