Kaburi la Yunus Kando ya Lambo

Mwaka uliofuata uhuru, kibali cha kutumia maji ya lambo la kiwanda cha pamba, vilimani nyuma ya Busisi, kilikwisha muda wake. Ukuta ulikuwa umechakaa, maji yakipenya nyufani, na mashine ya umeme ikizimika kila mara. Serikali ikaridhia kutoa kibali kipya kwa sharti kwamba ukuta ujengwe upya na kuinuliwa, ili zahanati nayo ipate taa. Hakuna aliyeichukia taa ya wagonjwa. Lakini maji yakipanda yangeufunika mteremko walikozikwa wafanyakazi wa zamani.

Afisa wa maji, kijana Nkwabi, akatangaza kwamba mwenye kutaka kumhamishia marehemu wake juu kilimani aonyeshe kaburi kabla milango ya lambo haijafungwa. Tangazo hilo lilimfikia Bi Mwaija mjini Mwanza likawa kwake msiba wa pili.

Mumewe, marehemu Yunus, alikuwa mtunza milango ya lambo hilo. Alipofariki, Bi Mwaija hakufuata jeneza, kama ilivyo ada ya wanawake wetu. Alikaa eda ndani, na eda ilipokwisha kaka zake wakamchukua mjini. Marehemu naye aliusia asijengewe saruji wala asiandikwe jina, akichelea fahari juu ya udongo. Mvua zikalisawazisha tuta. Basi mke aliyemtambua mumewe kwa kikohozi tu hakujua alikolazwa.

Alipofika lamboni, Nkwabi alimwamkia kwa adabu, akamwomba aonyeshe mahali.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu. “Kibali mmekiomba serikalini. Walio chini humo mliwaomba?”

Kijana akainama, akauliza ni nani amesalia katika waliomzika.

Katika waliomzika Yunus alikuwa amesalia mmoja tu, mdogo wake Muhidin, naye macho yake yalikwisha kufifia. Baada ya sala ya alfajiri mzee huyo akatembea mteremkoni, akapapasa jiwe hili na lile, akasimama, akarudi nyuma, mwishowe akasema wachimbe pale. Bi Mwaija alingoja mbali, juu ya ukuta.

Wakachimba hadi wakaufikia mwanandani alimolazwa maiti. Mifupa ilikuwa imelala ubavu wa kuume, imeelekea kibla. Wakamrehemu marehemu. Muhidin akashuka mwenyewe kaburini, akapapasa taratibu, kisha akatulia. Yunus alipata kuvunjwa paja na mlango wa chuma wa lambo, mfupa ukaunga ukiwa umepinda, akachechemea hadi kufa kwake. Mapaja ya huyu yalikuwa yamenyooka, yote mawili.

Maige, mmoja wa wachimbaji, akamnong'oneza, “Mzee, mwambie ndiye. Apumzike, maskini.”

“Na mimi nikapumzike wapi?”

Akapanda ukutani kwa kujikongoja.

“Shemeji, si yeye.”

Bi Mwaija akauliza kama wangechimba kwingine. Muhidin akamweleza kwamba kumbukumbu yake imeishia pale, na kwamba si halali kuwafukua waja wa Mungu kwa kubahatisha. Mama akaukaza ushungi wake uliokuwa ukipeperuka.

“Huyo ni Mwislamu?”

“Ameelekea kibla.”

“Ana jamaa wa kumdai?”

“Hajaja mtu.”

“Basi msimrudishe alikotoka, maji yatamfuata. Mpelekeni juu kama mlivyokuwa mumpeleke Yunus. Msipunguze kitu.”

Hawakupunguza. Walimwombea dua ndefu mtu wasiyemjua jina, na Bi Mwaija akawapikia waliomzika, kama afanyavyo mwenye maiti.

Milango ikafungwa. Maji yakapanda polepole, yakazamisha vichaka, yakafika kwenye mawe, yakapita. Jioni moja Bi Mwaija akamwomba shemeji yake amfikishe ukingoni, amwonyeshe walau upande. Muhidin akainua mkono. Hakunyoosha kidole, kwani hakuwa na hakika. Alifungua kiganja chote, akakipitisha toka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile.

Mama akayageukia maji yote, akaisoma Fatiha.