Kiti cha Msailiwa

Mume wa mshonaji alikuwa fundi rangi wa maghorofa, mtu wa maneno ya kuhesabika. Tangu shemeji yake, mdogo wake mshonaji, alipoanguka kutoka kwenye jukwaa walilopanda pamoja kupaka rangi, hata hayo machache yalikauka. Aliacha kazi akakaa nyumbani. Mkewe akimuuliza siku ile ilikuwaje, jibu lilikuwa lile lile: tuyaache hayo. Mshonaji aliyaacha, lakini yenyewe hayakumwacha. Alimlea yule kijana tangu akiwa mtoto, na hakujua hata kama alikufa peke yake.

Sasa kiwanda cha samani kilikuwa kimemwita mume kwenye usaili wa kazi ya kupaka vanishi, kazi ya kufanyia chini, isiyo na kupanda jukwaa. Mshonaji, ambaye aliwahi kusailiwa kiwanda cha nguo akashindwa kwa kutetemeka, aliamua kumfunda. Alisukuma vitambaa kando, akaketi nyuma ya cherehani, akashusha miwani hadi ncha ya pua na kujitia ubosi. Mume akacheka, kitu kilichokuwa kimeadimika nyumba ile.

Alimweleza kwamba msailiwa si mgeni wala mshtakiwa. Ni mtu aliyekubali kuulizwa, na akiulizwa hujibu. Akae wima, asitafune maneno, na zile tuyaache hayo zake azivue mlangoni pamoja na kandambili.

Maswali ya mwanzo yalipita salama: uzoefu wake, namna anavyochanganya vanishi. Kisha likaja lile ambalo hakuna kiwanda kisichouliza.

"Kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?"

Hakuwa amelitega. Lilipomtoka ndipo naye akalisikia. Angeweza kuuliza jingine. Hakuuliza.

Mume alitazama mikono yake, kisha akakaa wima kama alivyofundishwa.

"Shemeji yangu alinifia mikononi," alisema. "Hakufa papo hapo. Alikuwa anamuulizia dada yake. Nikamwambia yuko njiani, anakuja. Akatulia, akanishika kola, akaenda. Na mimi sikuwa nimempigia mtu simu. Nikipanda jukwaa namsikia ananiuliza, dada kafika wapi."

Mshonaji alilia kimyakimya, machozi yakilowesha kitambaa cha mteja. Uchungu ulikuwa ule ule, ila sasa hakuwa nao peke yake. Akafuta miwani akaivaa tena, kwa sababu usaili haujaisha hadi liulizwe swali la mwisho.

"Na wewe, una swali lolote kwetu?"

Mume alimtazama mkewe.

"Nilikosea kumdanganya?"

Mshonaji aliinuka na kiti chake, akakileta upande wa mumewe, akaketi.

"Hukumdanganya," alisema. "Ungeniita, ningekuja mbio, miguu peku."